Kabla ya kuboresha kamera za ulinzi nyumbani: kagua kwanza ulichonacho

Watu wengi hupata wazo la kubadilisha kamera siku wanaporudisha rekodi nyuma na kukuta mtu amepita getini usiku: mwili unaonekana, uso ni doa jeupe. Hasira huwapeleka moja kwa moja dukani, wananunua kamera yenye pikseli (nukta zinazounda picha) nyingi zaidi, wanaifunga pale pale ilipokuwa ya zamani, na usiku unaofuata doa bado lipo. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya kitu chochote, ujue mfumo ulio nao unashindwa wapi hasa. Kosa linaweza kuwa kwenye kamera, waya, rekoda (kifaa kinachopokea na kuhifadhi picha za kamera), diski, mipangilio, au mahali kamera ilipofungwa. Ukibadilisha kisicho na kosa, fedha zitakwenda na tatizo litabaki.

Jaribio lake ni rahisi. Usiku, taa zikiwa vile zinavyokuwa siku zote, mwombe mtu wa nyumbani apite njia ambayo mgeni angepita, kwa mwendo wa kawaida, bila kuitazama kamera. Kisha kaeni mbele ya rekoda mwangalie rekodi yenyewe, si picha ya moja kwa moja kwenye simu. Mifumo mingi huipelekea simu picha iliyopunguzwa ubora ili kuokoa intaneti, hivyo simu inaweza kukudanganya kuhusu uwezo wa kamera. Hutokea pia kwamba kamera ni nzuri lakini rekoda imewekwa kurekodi kwa ubora wa chini, au kwa fremu, yaani picha, chache mno kwa sekunde. Kurekebisha hilo ni kazi ya dakika chache ndani ya menyu, na hakuna cha kununua.

Ukiwa hapo, panda ngazi uiangalie kamera kwa karibu. Buibui hupenda kutanda kwenye kamera za nje, na uzi mmoja tu ukipita mbele ya lenzi huakisi mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera huutoa ili ione gizani, na kuijaza picha weupe. Ukuta au ukingo wa paa ulio karibu sana hufanya vivyo hivyo: mwanga unairudia kamera, nayo inadhani mahali pote pana mwanga wa kutosha, inapunguza mwangaza wa picha, na ua ulio mbele unabaki giza. Kioo cha mbele kilichofifia kwa jua au kuingia unyevu kwa ndani nacho huleta ukungu ambao wengi huudhania ni uzee wa kamera. Kufuta kioo na kusogeza kamera kidogo kumeokoa mifumo mingi iliyokuwa inasubiri kutupwa.

Sasa suala la pikseli, ambalo ndilo huwapotosha watu kuliko yote. Idadi ya pikseli haina maana mpaka ujue zimetandazwa kwenye upana gani. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kiliweka vipimo ambavyo mafundi huvitumia sana: pikseli 25 kwa kila mita hutosha kujua kwamba kuna mtu, 125 hutosha kumtambua mtu unayemfahamu, na 250 ndizo zinazohitajika kumtambua bila shaka hata mtu usiyemjua. Chukua kamera ya pikseli 1920 kwa upana, ambayo ndiyo inayoitwa 1080p, uigawe kwa 250: unapata mita 7.7 hivi. Kama kamera hiyo inaangalia ua wenye upana wa mita 20, kila mita inapata pikseli 96 tu. Utaona mtu amepita. Hutaweza kusema ni nani. Kamera ya 4K yenye pikseli 3840 itakupa 192 kwa ua ule ule, na bado hujafika 250. Na hayo ni ya mchana.

Usiku hesabu inakuwa ngumu zaidi. Kihisi, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, cha ukubwa ule ule kikigawanywa katika pikseli nyingi zaidi, kila pikseli inakuwa ndogo na inapokea mwanga kidogo. Ndiyo maana kamera ya bei ndogo inayotangazwa kuwa na megapikseli 8 (pikseli milioni 8) inaweza kushindwa gizani na ya megapikseli 4 yenye kihisi kikubwa. Uliza ukubwa wa kihisi na uwazi wa lenzi kabla ya kuuliza megapikseli. Kisha chagua lenzi kwa kazi. Ya milimita 2.8 katika kamera nyingi za nyumbani huona pembe pana, mara nyingi zaidi ya digrii 100, na inafaa kwa kuangalia ua mzima. Ya milimita 6 huona kama nusu ya pembe hiyo lakini huvuta uso karibu. Naamini sana katika kutenga kamera moja yenye pembe nyembamba kwa mahali ambapo kila mtu lazima apite, yaani geti au mlango, na kuifunga karibu na usawa wa uso kuliko kuipandisha juu chini ya paa, ambako huona kofia na vichwa tu. Kamera hiyo moja itakufaa kuliko kuongeza tatu za kuangalia ua.

Baada ya hapo ndipo ufuate nyaya. Fungua boksi la kiunganishi nyuma ya kamera moja uone ni kebo gani imepita ukutani. Kama ni ya koaksia, ile nene ya mviringo yenye kiunganishi cha kuzungusha, usikimbilie kuing'oa. Teknolojia za HD-TVI, HDCVI na AHD zilibuniwa kupitisha picha za ubora wa juu kwenye kebo hizo hizo, na zipo rekoda chotara zinazopokea kamera za zamani, kamera hizo za koaksia, na baadhi ya kamera za mtandao (zinazotumia kebo ya mtandao wa kompyuta) kwa pamoja. Hii inakuruhusu kubadilisha kamera moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu.

Kama unahamia kamera za mtandao, kebo moja hubeba data na umeme kwa mfumo wa PoE. Mpaka wake ni mita 100 kutoka swichi, yaani kifaa cha mtandao ambacho kebo za kamera huchomekwa, hadi kamera. Kiwango cha kwanza cha PoE hutoa wati 15.4 kwa kila tundu, cha pili wati 30, na kamera zinazozunguka au zenye taa kali zinaweza kuhitaji hicho cha pili. Angalia pia jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa, maana matundu 8 hayamaanishi kwamba yote yanaweza kutoa umeme kamili kwa wakati mmoja. Na nunua kebo ya shaba halisi. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni ya bei nafuu, lakini hupoteza umeme zaidi njiani, na kamera ya mwisho huanza kuzima usiku pale taa zake za infraredi zinapowaka. Dalili hiyo, kamera kufanya kazi mchana na kufa usiku, karibu kila mara ni ya umeme mdogo, hata kwenye mifumo ya adapta za volti 12.

Rekoda nayo ina mipaka ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kuwa na chaneli 8 hakumaanishi inaweza kurekodi kamera 8 za 4K. Soma ni megabiti ngapi kwa sekunde inazopokea kwa jumla. Kuhusu diski, piga hesabu mwenyewe: kamera inayorekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde hula takribani gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 4 hula 173, hivyo diski ya terabaiti 2 inakupa siku 11 hivi kabla rekodi za zamani hazijaanza kufutwa. Ukipandisha ubora hadi megabiti 8, siku hizo hazifiki 6. Mfinyazo wa H.265, yaani njia mpya zaidi ya kubana video, unaweza kupunguza mzigo hadi karibu nusu ukilinganisha na H.264, ila hakikisha kamera na rekoda zote zinauelewa. Ukichanganya kampuni tofauti, tafuta zinazofuata kiwango cha ONVIF, kinachosaidia vifaa vya kampuni tofauti kuelewana, na ujue kwamba mara nyingi picha itapita vizuri huku uwezo wa kutofautisha mtu na paka ukibaki nyuma.

Kuna jambo moja ningependa ulifanye hata kama hununui chochote mwaka huu. Jua nani ana ufunguo wa mfumo wako. Katika nyumba nyingi nywila kuu anayo fundi aliyefunga, na akaunti ya simu imesajiliwa kwa namba yake. Mwombe akukabidhi, kisha ubadilishe. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumiwa kuiangusha kampuni ya Dyn, ambayo tovuti nyingi ziliitegemea ili anwani zao zipatikane kwenye intaneti, na pamoja nayo tovuti kubwa kwa saa kadhaa. Weka nywila ndefu isiyotumika kwingine, sasisha programu ya ndani ya vifaa, zima kwenye ruta huduma ya UPnP, ambayo huruhusu vifaa kujifungulia vyenyewe njia ya kutoka intaneti, na ukitaka kutazama ukiwa mbali tumia VPN (njia ya siri iliyofichwa kupitia intaneti) badala ya kuifungulia rekoda mlango wa intaneti. Kifaa ambacho mtengenezaji ameacha kukitolea masasisho, hicho ndicho cha kwanza kubadilishwa, hata kama picha yake bado ni nzuri.

Ruta, swichi na rekoda ziwe kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba), la sivyo umeme ukikatika mfumo wote hulala. Angalia pia pembe mpya zinaona nini. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2014 kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi njia ya umma haihesabiki kuwa shughuli ya binafsi tu, yaani sheria za kulinda taarifa za watu zinaihusu, na nchi nyingi zina sheria zake za data. Kamera nyingi zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha; ziba dirisha la jirani kabla hajalalamika.

Siku ya kubadilisha, toa kwanza nakala za rekodi unazozihitaji. Diski ya zamani ikiingizwa kwenye rekoda mpya, kwa kawaida rekoda itaomba kuifomati, na kilichomo kitapotea. Acha mfumo wa zamani ukiendelea kurekodi mpaka mpya upite jaribio lile la usiku. Linganisha saa ya rekoda mpya na saa sahihi na uiunganishe na seva ya muda, kwa sababu rekodi yenye saa isiyo sahihi huleta maswali mengi pale unapoipeleka kama ushahidi. Kabla ya kuuza au kumpa mtu rekoda ya zamani, iondoe kwenye akaunti yako, irudishe kwenye hali ya kiwandani, na uifute diski au ubaki nayo.