Namna ya kumuenzi mchangiaji wa programu huria aliyefariki

Anzeni na familia. Kabla mradi haujatangaza msiba, mtu mmoja anayefahamika kwa wafiwa awaulize mambo matatu: habari itoke lini, jina lipi litumike, na sababu ya kifo itajwe au isitajwe. Jina si jambo dogo, maana wengi huandika msimbo (maandishi yanayounda programu) kwa jina la utani ambalo nyumbani halijulikani. Bram Moolenaar, mwanzilishi wa Vim, programu ya kuhariri maandishi, alipofariki tarehe 3 Agosti 2023, familia yake ndiyo iliyowapa watumiaji taarifa, na hivyo ndivyo inavyofaa.

Siku hiyo hiyo shughulikieni ruhusa, kwani akaunti ya marehemu ikidukuliwa hakuna atakayeshtuka mapema. Mwondoeni kwenye orodha ya wenye haki ya kubadili msimbo wa mradi, lakini msiombe akaunti ifutwe: GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya msimbo, ikiifuta, maoni yake yote hubaki chini ya jina "ghost", na mazungumzo ya miaka mingi yanakosa mwenyewe. Ufunguo wake wa GPG, unaotia saini ya kidijitali, utoeni kwenye funguo zinazokubaliwa kwa matoleo mapya, ila nakala ya ufunguo wa hadharani itunzwe. Ikipotea, amri ya `git verify-tag` ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, haitaweza kuthibitisha matoleo aliyoyatia saini.

Kisha tafuteni vilivyosajiliwa kwa jina lake: kikoa cha tovuti anacholipia kwa kadi yake, tokeni (nywila maalumu) ya mitambo inayojenga matoleo, haki ya kupakia vifurushi. Hivi havikatiki siku ya msiba. Hukatika miezi kadhaa baadaye muda wake unapoisha, wakati hakuna tena anayekumbuka nani alivifungua.

Sasa mchango wenyewe. `git shortlog -sne` huonyesha majina na anwani za walioandika msimbo, na mara nyingi mtu mmoja hutokea mara tatu kwa barua pepe tofauti. Yaunganisheni kwenye faili la `.mailmap`:

`Jina Kamili <anwani-sahihi> <anwani-ya-zamani>`

Msiiandike upya historia ya Git kwa ajili hiyo. Kubadili badiliko moja hubadili vitambulisho vya yote yaliyofuata, na nakala za watu wengine zinaacha kulingana na yenu.

Tena msiiamini hesabu hiyo peke yake. Katika Vim, Moolenaar aliingiza viraka (marekebisho ya msimbo) vya wenzake kwa mkono wake, na jina la aliyeandika kila kiraka likawekwa kwenye mabano ndani ya ujumbe. Ukihesabu waandishi tu, wengi wanapotea. Tafuteni kwa `git log --grep="Jina"`, mwangalie pia mistari ya `Reviewed-by` (aliyekagua) na `Reported-by` (aliyeripoti hitilafu). Tafsiri, nyaraka, na subira ya kuwajibu wageni usiku wa manane havihesabiwi na amri yoyote. Waulizeni wenzake, kisha muandike.

Mradi wa Linux una faili la `CREDITS` (waliochangia) lililo mbali na `MAINTAINERS` (wanaowajibika sasa). Igeni mpangilio huo, ili jina litoke kwenye orodha ya wanaowajibika bila kutoka kwenye mradi. Ilani ya hakimiliki isiguswe: haki ni ya warithi, na kwa sheria za Tanzania na Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo. Leseni inaendelea kama kawaida.

Tabaruku ya toleo ndiyo heshima tunayoipendelea zaidi. Debian 2.2, toleo la mwaka 2000 la mfumo huria wa kompyuta, ilitolewa kwa heshima ya mchangiaji wake Joel Klecker, Debian 9 ya mwaka 2017 kwa mwanzilishi wake Ian Murdock, na Vim 9.1 ya Januari 2024 kwa Moolenaar. Iwekeni ndani ya hazina ya msimbo pia, kwa sababu tovuti hufa. Msikiite kipengele cha programu kwa jina la marehemu, la sivyo siku moja mtasoma taarifa ya hitilafu inayodai kwamba yeye "ameharibika, aondolewe."

Rambirambi zielekezwe palipochaguliwa na wafiwa, zikusanywe na mweka hazina anayejulikana. Moolenaar aliacha njia wazi: ukurasa wa msaada wa `:help iccf` ndani ya programu hiyo uliwaomba watumiaji wa Vim wasaidie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, alikowahi kujitolea.

Iliyobaki ni kazi aliyoiacha njiani. Iombeni familia isifute kompyuta yake kwa haraka. Huenda kuna matawi (kazi zilizotengwa kando ya msimbo mkuu) ambayo hayakupakiwa. Mkiyamalizia, tumieni `git commit --author="Jina <anwani>"`, yeye abaki mwandishi na ninyi muonekane kama walioingiza. Mstari wa `Signed-off-by` msimwekee, kwa kuwa ni tamko la mtu mwenyewe kwamba ana haki ya kutoa msimbo huo. Wekeni wenu, na chini yake mweleze mlichobadilisha.