Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kugusa Mpangilio Mdogo

Mabadiliko ya programu huitwa madogo kwa kuhesabu mistari iliyoguswa, ilhali madhara yake hutegemea ni sehemu ngapi za mfumo zinazousoma mstari huo. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chochote, tafuta katika msimbo wote (maandishi ya programu) na katika seva zote ni nini kingine kinachoutegemea mpangilio unaougusa, yaani thamani inayoiambia programu ifanye kazi vipi, hasa kama ni jina la zamani linalopewa kazi mpya. Kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliponzwa na jambo hilo tarehe 1 Agosti 2012: swichi ya zamani ya programu ilipewa kazi mpya, msimbo mpya ukawekwa kwenye seva saba kati ya nane, na ile ya nane ilipoisoma swichi hiyo ikauamsha msimbo uliokuwa umeachwa kutumika miaka mingi bila kufutwa, ikawa inamwaga maagizo ya hisa sokoni kwa takriban dakika 45, na hasara ikapita dola milioni 400. Msimbo usiotumika ufutwe kwanza, kisha seva zihesabiwe moja moja baada ya kuweka toleo jipya; kuambiwa tu kwamba "zote tayari" hakutoshi.

Faili la mipangilio nalo lijaribiwe kwa ukali uleule unaotumika kwa msimbo, ingawa wengi wetu hulipitisha harakaharaka kwa kuwa "si programu". Tarehe 19 Julai 2024, kilichoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows kilikuwa faili la data la programu ya kulinda kompyuta ya kampuni ya CrowdStrike, lililosambazwa kwa wateja kwa mkupuo mmoja. Lilirekebishwa baada ya saa moja na ushei, lakini mashine nyingi zilizokuwa zimekwama zilihitaji mtu wa kuziendea na kulifuta kwa mkono. Anza na mashine chache, ngoja, tazama kumbukumbu za makosa, ndipo uendelee.

Jambo linalosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni njia ya kurudi nyuma. Isipitie kwenye kitu kilekile unachokibadilisha: anayerekebisha kinga ya mtandao wa seva (firewall, inayoamua nani aruhusiwe kuingia) akiwa mbali anaweza kujifungia nje kwa mstari mmoja. Facebook ilipotoweka mtandaoni kwa takriban saa sita tarehe 4 Oktoba 2021, kwa amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, zana za ndani ambazo wahandisi wangezitumia kurekebisha hitilafu nazo zilikuwa zimekatika.

Nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa kwa majaribio usiihesabu. Thamani ya zamani ya mpangilio iandikwe pamoja na saa ya mabadiliko na jina la aliyeyafanya, mahali panapofikika hata mfumo ukiwa umezimika.