Somo: Kuoanisha shokapu na springi fupi

Assalaam alaykum wenzangu.

Toyota Altezza yangu niliishusha mara ya kwanza kwa springi tu. Springi mpya, fupi kwa sentimita 4, na shokapu zile zile zilizokuja nayo kutoka Japani. Pale Mwanakwerekwe gari ilipendeza, kila anayepita anatupa jicho. Nilipofika matuta ya barabarani ya msitu wa Jozani, yale yaliyowekwa kuwanusuru kima punju, nyuma ikagonga chuma kwa chuma kwenye tuta la kwanza, na baada ya la pili gari ikaendelea kuyumba kama ngalawa kwenye mkondo. Haikupita miezi mitatu shokapu mbili za nyuma zikamwaga mafuta. Niliambiwa gereji kwamba ndiyo kawaida ya gari iliyolala. Si kawaida. Gari iliyoshushwa vizuri haigongi wala haiyumbi, na ndiyo maana naandika somo hili.

Shika hili kabla ya kutoa pesa: springi inabeba gari, shokapu inaituliza springi. Springi ikibonyezwa huweka nguvu, kisha huirudisha yote. Shokapu ndiyo inayoimeza nguvu ile kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo. Springi za kushusha karibu zote ni ngumu kuliko za kiwandani, kwa sababu nafasi ya kubonyea imepungua. Basi ukiweka springi ngumu juu ya shokapu laini, inarudi kwa kasi ambayo shokapu haiwezi kuizuia.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme springi ya zamani inahitaji kilo 3 ili ibonyee milimita 1, na mpya inahitaji kilo 3.9. Ugumu umeongezeka kwa asilimia 30. Ili gari itulie kama mwanzo, nguvu ya shokapu iongezeke kwa asilimia kama 14 (kipeuo cha pili cha 1.3 ni kama 1.14, ukipenda kuhakikisha). Hiyo ni kwa shokapu nzima. Iliyokwisha tembea miaka 20 haina hata nguvu yake ya asili.

Hatua ya kwanza: pima nafasi uliyonayo

Hapa ndipo wengi tunaporuka, nami niliruka. Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Usipimie kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Andika vipimo vya pembe zote nne.

Siku ya kufungua, rudisha shokapu mahali pake bila springi, na stopa yake, ule mpira uliovikwa kwenye rodi, ikiwepo. Pandisha mkono wa chini, ule wa chuma unaounganisha tairi na gari, kwa jeki polepole hadi stopa iguse kichwa cha shokapu, kisha pima tena pale pale. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo nafasi ya tairi kupanda kabla ya kugusa stopa. Kwangu nyuma nilipata milimita 55. Sasa toa 40 nilizoshusha: zilibaki 15. Pakia watu watatu nyuma na begi za kwenda Nungwi, hizo 15 zimekwisha hata kabla hujawasha gari. Basi ile kelele ya Jozani ilikuwa stopa zilizosagika, na chini yake chuma.

Kwa barabara zetu, ushauri wangu ni sentimita 2.5 hadi 3, basi. Ukitaka zaidi ya hapo, nunua shokapu yenye mwili mfupi.

Hatua ya pili: chagua jozi

Anza na springi, kisha tafuta shokapu inayoifaa, usianze kinyume. Soma karatasi ya springi: inashusha kiasi gani, na ugumu wake ni kilo ngapi kwa milimita. Kisha soma ya shokapu: ni ya urefu wa kawaida au imefupishwa? Mfano mzuri ni shokapu za kampuni ya Bilstein. B6 yao ni ya gari yenye kimo cha kiwandani, B8 imefupishwa kwa ajili ya springi za kushusha. Shokapu za njano za kampuni ya Koni zinakuwezesha kurekebisha nguvu ya kurudi, na hiyo hasa ndiyo springi ngumu inayoihitaji. Mimi sasa natumia springi za sentimita 2.5 na shokapu za kurekebishika, na nimeanzia upande laini kabisa.

Angalia na kinyume chake: gari ikiinuliwa na tairi zikaning'inia, springi ibaki imebanwa. Ikicheza kwenye kikalio chake, iko siku itatoka mahali pake.

Hatua ya tatu: kufunga

Boliti zetu zinakula chumvi ya bahari. Zimwagie mafuta ya kulegezea kutu usiku wa kuamkia kazi. Vibano vya springi viwe viwili, vielekeane, na usiweke uso mbele ya springi iliyobanwa, ikifyatuka inaua. Usiishike rodi kwa koleo. Ukiikwaruza, sili inachanika na mafuta yanatoka.

Sasa jambo ambalo gereji nyingi hawalifanyi: boliti zinazopita kwenye bushi za mikono usizikaze gari ikiwa hewani. Zishike kwa mkono tu, teremsha gari, itikise, kisha zikaze ikiwa imesimama kwa miguu yake. Ukizikaza hewani, mpira wa bushi unabaki umesokotwa muda wote na unachanika upesi.

Baada ya siku chache za kutembea, peleka alaimenti. Gari ikishuka, tairi huinamia ndani, na upande wa ndani huliwa bila wewe kuona. Rekebisha na taa za mbele.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Wete: Kaka, fundi wangu anasema atakata raundi moja ya springi kwa grenda, nisitumie pesa. Vipi?

Jibu: Ukikata raundi moja kati ya sita, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na shokapu ni ile ile. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio. Wakitumia gesi ni mbaya zaidi, moto unaiharibu ile chuma. Usikubali.

Mwanachama wa Fuoni: Mimi nina Impreza. Somo ni lile lile?

Jibu: Hesabu ni ile ile, dada. Ila kama ni Impreza ya zamani, ya kabla ya 2007, mbele na nyuma shokapu zako ndizo zinazoshika tairi, kwa hiyo hapo pa kupimia usitumie mkono, pandisha tairi lenyewe. Na usishushe sana. Mikono ya chini ikipita usawa na kuelekea juu, gari inalala zaidi kwenye kona badala ya kupungua.

Mwanachama wa Chake Chake: Nimeona shokapu za mtumba bei nafuu. Nitazijuaje?

Jibu: Isimamishe wima, sukuma na uvute rodi hadi mwisho mara tano au sita. Ukikuta mahali patupu, rodi inapita bila uzito, iache. Futa rodi kwa kitambaa, itazame kwenye mwanga: iwe haina mkwaruzo wala kutu. Unyevu kidogo wa mafuta si hoja, mtiririko ndiyo hoja. Zinunue mbili mbili na uzilinganishe mkononi.

Mwanachama huyo huyo: Na nikishafunga, nitajuaje kama nafasi inatosha?

Jibu: Funga kitai cha plastiki kwenye rodi, kibane kiasi, kikae juu ya mwili wa shokapu. Pakia gari kama kawaida yako, pita njia yako ya kila siku na matuta yake, kisha chungulia. Kitakuwa kimesukumwa hadi pale rodi ilipoingia mwisho. Kikiwa kimebanwa kwenye stopa kila safari, umeshusha kupita kiasi.