Kabla Hujaenda Kujitolea Kufundisha Kiingereza Nje ya Nchi

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi kuanzia siku utakayoingia, maana nchi nyingi zinadai hivyo. Chanjo usizisukume hadi wiki ya safari: ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi 3 ndani ya miezi 6. Anayemeza dawa kila siku abebe barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa hiyo, kwa sababu dawa ya kawaida kwenu huenda kwingine imepigwa marufuku. Bima ya matibabu isiyogharimia kukurudisha nyumbani ukiwa mahututi, iache.

Kuzungumza Kiingereza si kujua kukifundisha. Cheti kinachoulizwa sana ni cha kozi ya saa 120, lakini ukiisoma yote kwenye kompyuta utafika darasani hujawahi kunyamazisha hata watoto watano. Ndiyo maana CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokizungumza nyumbani, inadai saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi, mkufunzi amekaa nyuma anakutazama. Huna nafasi ya kozi hiyo? Omba shule iliyo karibu nawe ikupe vipindi vichache kabla hujaondoka. Uliza pia wanafunzi wako ngazi gani, A1 (wanaoanza kabisa) au B1 (wa kati), usije ukabeba vitabu ambavyo darasa zima halitaelewa ukurasa wa kwanza.

Sasa hili la ratiba nitalikalia, mnivumilie.

Shirika linalokupeleka likikuandikia "saa 20 kwa wiki", uliza saa 20 za nini. Mwenzetu mmoja tuliyesafiri naye kundi moja hakuuliza, na zikawa saa za kusimama ubaoni tu. Kuandaa masomo, kusahihisha madaftari, paredi ya asubuhi na klabu ya midahalo havikuhesabiwa. Mwalimu wa Kiingereza aliyeambiwa angefundisha naye alikuwa ameshahamishwa, hivyo darasa la mtihani likawa lake peke yake. Jioni akirudi kwa wenyeji wake anakuta watoto wa nyumba hiyo na wa majirani wamejipanga sebuleni, kalamu mkononi. Kisha mwalimu mkuu akamwomba asaidie na Jumamosi. Akakubali, mgeni anamkataliaje mwenyeji?

Mzazi mmoja ndiye aliyemfumbua macho, alipomshukuru na kusema ada ya Jumamosi haiendi bure. Kumbe ilikuwa tuisheni, wazazi wanalipa, na mwalimu mwenyewe haoni hata senti. Hilo angeweza kulimeza. Lakini alikuwa ameingia kwa viza ya utalii, kwa sababu shirika lilimhakikishia kwamba kujitolea si kazi. Katika nchi nyingi kufundisha bila malipo bado ni kazi mbele ya sheria, na ada ikishachangwa ndiyo kabisa huna la kujitetea. Maofisa wa uhamiaji walipokuja shuleni, pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati la ofisi, "kwa usalama", na mwenye ufunguo hakuwepo. Akapewa siku chache za kuondoka. Darasa la mtihani likabaki bila mwalimu, na shirika lililompeleka likaacha kupokea simu zake.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, dai kwa maandishi aina ya viza, kisha upigie ubalozi wewe mwenyewe uthibitishe. Dai jumla ya saa pamoja na maandalizi, siku ya mapumziko, na maelezo kwamba hakuna mzazi anayetozwa kwa vipindi vyako. Mtafute mtu aliyewahi kujitolea shule hiyohiyo na amesharudi kwao, asiwe yule shirika linalokuchagulia. Pasipoti unaitunza wewe, hata akikuomba mzee mwenye heshima zake. Wape nakala.

Watoto wa nyumbani kwa mwenyeji usiwanyime, wala usiwape kila jioni. Wape siku 2 zinazojulikana, ukianza tangu wiki ya kwanza, kwa sababu kupunguza baadaye kunaleta kinyongo kuliko kutoanza. Chumba chako kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Nauli ya kurudi ikae mbali na pesa za matumizi na isiguswe hata kama mwezi umekuwa mgumu.

Shirika lisilokuuliza hati ya polisi ya kuthibitisha tabia, hasa linalopeleka watu kwenye vituo vya watoto, likimbie. Kama hawakukuuliza wewe, hawakumuuliza na mwingine. Usikae na mwanafunzi mmoja chumbani mlango umefungwa, na picha za wanafunzi usizitupe mtandaoni hata wakizililia wenyewe.

Mengine utayajua ukifika. Angalia umeme wa huko ni volti ngapi kabla hujachoma chaja. Siasa za watu waachie wenyewe. Usipande pikipiki bila kofia, usisaini karatasi usiyoielewa lugha yake, usikopeshe, usidhamini, na hakikisha simu yako inakubali laini yoyote kabla hujaondoka.