Kuulinda moyo wakati wa tibakemia: jikoni na kwa daktari
Kabla mgonjwa hajaanza doksorubisini, dawa nyekundu ya saratani inayoweza kudhoofisha misuli ya moyo, muulize daktari kuhusu kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha nguvu ya moyo ilivyokuwa mwanzoni. Nyumbani Lamu, manjano kidogo katika mchuzi wa samaki wa nazi, zambarau za msimu na mboga za majani hufaa kama chakula. Lakini antioksidanti, yaani kemikali zinazopunguza uharibifu wa seli, zilizokolezwa katika vidonge, ambazo kwa panya wa maabara zimeonekana kuulinda moyo, hazijathibitishwa vya kutosha kwa binadamu na zaweza kuingiliana na dawa. Basi usimnunulie, hata muuzaji akiapa. Kama tayari anavyo vidonge hivyo, mpelekee daktari chupa yenyewe asome kibandiko. Mgonjwa akivimba miguu, au akihema kwa kupanda ngazi za ghorofani, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.