Chakula cha Haraka Karibu na Hoteli: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Mlo unaowasumbua wasafiri wengi ni ule wa usiku wa kwanza. Kesho yake mtu huwa ameshaiona barabara, anajua duka liko kona ipi na mgahawa gani unajaa watu. Usiku wa kufika hajui lolote, amechoka, simu inakaribia kuzima, na majiko yanafungwa. Ndiyo maana maandalizi huanza na kupanga saa, kisha chakula chenyewe.

Piga hesabu ya saa utakayokuwa tayari kula, si saa ya kutua. Ndege ikitua saa 2:10 usiku, weka dakika 60 za kushuka, kukaguliwa pasipoti na kusubiri mizigo, dakika 40 za barabarani, kisha dakika 15 za mapokezi na kupandisha begi chumbani. Tayari ni saa 4:05. Mgahawa ulioandikwa kwamba unafungwa saa 4:30 haukufai, kwa sababu jiko huacha kupokea oda kabla ya milango kufungwa, mara nyingi nusu saa kabla. Tafuta unaofungwa angalau saa moja baada ya saa yako ya kula. Usipoupata, kula uwanjani au kituoni kabla ya kupanda gari, hata kama bei imezidi kidogo, au uwe na mlo wako ndani ya begi.

Ukiwa bado na intaneti ya uhakika, fungua ramani na uweke anwani kamili ya hoteli, kisha utafute sehemu za kula kuanzia hapo. Ukitafuta kwa jina la mji utaletewa migahawa maarufu iliyo mbali. Kwa mwendo wa kawaida, mita 400 ni dakika 5 hivi na mita 800 ni dakika 10. Zaidi ya hapo, mtu mwenye njaa na asiyejua mtaa huishia kukata tamaa. Angalia njia ya miguu yenyewe, si umbali wa mstari ulionyooka: barabara kuu isiyo na kivuko, reli au mto unaweza kugeuza mita 300 kuwa kilomita nzima. Hifadhi sehemu tatu: moja inayofunguliwa mapema asubuhi, moja inayochelewa kufungwa, na duka la vyakula. Kisha pakua ramani ya eneo hilo ili ifanye kazi bila mtandao.

Saa zilizoandikwa kwenye ramani zisiaminiwe peke yake. Panga maoni ya wateja kwa kuanza na ya karibuni. Kama la mwisho ni la mwaka jana, huenda mahali hapo pamekufa. Picha za menyu zilizopigwa na wateja hukupa bei za kweli kuliko tovuti ya mgahawa. Angalia pia kama siku yako ya kufika ni Jumapili au sikukuu.

Aina ya mtaa nayo ina maneno yake. Hoteli iliyo katikati ya maofisi huzungukwa na migahawa inayotegemea chakula cha mchana cha wafanyakazi, kwa hiyo jioni na mwisho wa wiki mtaa mzima unaweza kuwa kimya. Kando ya hospitali kubwa, vyuo na vituo vya treni au mabasi, chakula hupatikana saa ambazo kwingine kumefungwa, maana kuna watu wanaoingia na kutoka zamu.

Kabla ya kusafiri, piga simu hotelini uulize mambo manne: jiko lao linafungwa saa ngapi, chumbani kuna birika la umeme, kuna jokofu, na chakula cha nje kinaruhusiwa kuingia. Ukishafika, usimuulize mhudumu wa mapokezi wapi kuna chakula kizuri. Atakuelekeza kule anakoelekeza wageni wote. Muulize wao wenyewe wakitoka zamu ya usiku wanakula wapi. Jibu lake huwa fupi, la karibu na la bei nafuu.

Kama unategemea programu za kuagiza chakula, jisajili ukiwa nyumbani. Nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na benki nayo hutuma yake unapolipa kwa kadi. Laini yako isipopokea ujumbe ugenini, oda inakwama hapohapo. Kwenye anwani andika jina la hoteli na maneno “nitapokea mapokezi,” kwa kuwa hoteli nyingi haziruhusu mleta chakula kupanda vyumbani. Namba ya chumba haina haja kuwekwa. Hata hivyo, tembea na noti ndogo za nchi husika zinazotosha milo miwili: sehemu ndogo zinazouza haraka ndizo zinazokosa mashine ya kadi au chenji ya noti kubwa.

Usalama wa chakula ndio unaostahili umakini zaidi, kwani tumbo likiharibika safari nzima imeharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kitunzwe juu ya nyuzi joto 60 au chini ya 5, na kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Huna haja ya kipimajoto kuona hilo. Chagua sehemu yenye wateja wengi, ambako sufuria inaisha na kujazwa upya, na uagize kinachopikwa ukisubiri. Chakula kilichopangwa kwenye kioo kikiwa vuguvugu, bila mvuke, kiache. Mahali ambapo maji hayaaminiki, saladi mbichi na barafu vina hatari ileile ya maji ya bombani; tunda la kumenya mwenyewe ni salama zaidi.

Mabaki yasikudanganye. Majokofu mengi ya hotelini yametengenezwa kupoza vinywaji, hayafiki ubaridi wa kutunza nyama, na mengine huzimika pale unapochomoa kadi ya mlango, ambayo ndiyo inayowasha umeme wa chumba, na kutoka. Wali ni hatari kuliko unavyoonekana: kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kupikwa, na wali ukikaa vuguvugu huzaa sumu isiyoondoka hata ukipashwa tena. Agiza kiasi cha kumaliza.

Mwenye mzio aandike kadi fupi kwa lugha ya anakokwenda: chakula asichoweza kula, kwamba hata mafuta au kijiko kilichokigusa kinamdhuru, na swali moja la kumwonyesha mpishi. Ichapishe kwenye karatasi. Simu huzima, na mpishi mwenye mikono ya mafuta hataki kushika simu yako.

Ndani ya begi weka akiba ya mlo mmoja: shayiri (oats) ya papo hapo, ya kumwagia maji ya moto tu, gramu 80, karanga kiganja kimoja, biskuti kavu, kijiko imara, na bakuli lenye mfuniko linalovumilia maji ya moto. Birika la umeme lichemshe maji tu. Wanaochemshia mayai au tambi ndani yake hulichafua, huliunguza, na wanaweza kutozwa. Ukisafiri na begi la mkononi tu, kumbuka kwamba viwanja vingi vya ndege bado vinazuia vimiminika na vitu laini, kama siagi ya karanga, kwenye chombo kinachozidi mililita 100, na kisu hakipiti. Nyama, maziwa na matunda hukataliwa mpakani katika nchi nyingi, kwa hiyo akiba iwe kavu na iliyofungwa kiwandani.

Bado asubuhi ya kuondoka. Ukitoka kabla ya kifungua kinywa kuandaliwa, omba kufungiwa chakula jioni ya kuamkia siku hiyo, kabla zamu ya jikoni haijaondoka. Ukiomba alfajiri utapewa tufaha na pole. Hakikisha oda imeandikwa ikiwa na namba ya chumba chako na saa ya kuchukua, kisha uliza itawekwa wapi, kwa kuwa anayekaa mapokezi saa 10 alfajiri si yule uliyezungumza naye.