Somo: Mtoto mwenye usonji anapotoka mbio darasani

Habari zenu ndugu wanachama. Kwa wiki mbili hizi nimeulizwa swali lilelile na walimu watatu na mzazi mmoja: mtoto ana usonji (autism), amepokelewa shule ya kawaida, lakini anatoka mbio, anapiga kelele, anang'ata. Tumfanyeje? Niliahidi somo, na hili hapa. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania. Kitengo chetu cha usonji na madarasa ya kawaida vinatumia uwanja mmoja. Haya nimeyafanya kwa mikono yangu, na mengine niliyakosea kwanza.

Kwa mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya 127 ana usonji. Shule yenye wanafunzi 1,200 ingetarajiwa kuwa nao kama tisa. Kwa hiyo hata kama shule yako haina kitengo, watoto hawa unao, pengine wameandikwa tu "watukutu" au "wazito".

Jambo moja tukubaliane kabla ya kuanza. Mtoto asiyeweza kusema, tabia yake ndiyo kauli yake. Ukimnyang'anya kauli hiyo kabla hujampa nyingine, atatafuta ya tatu, na hiyo ya tatu mara nyingi huwa kali zaidi.

Hatua ya 1: Mjue mtoto kwanza

Kaa na mama yake, au bibi kama ndiye anayemlea. Uliza anapenda nini, anaogopa sauti gani, analala saa ngapi, anakula nini, choo anapata vizuri? Uliza kuhusu degedege, kwa sababu kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine. Kama masikio hayajapimwa, yapimwe. Nusu saa inatosha.

Hatua ya 2: Daftari la Kabla, Tendo, Baada

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua daftari la kawaida, ugawe ukurasa safu tatu. Safu ya kwanza: nini kilikuwa kinatokea kabla tu ya tabia. Ya pili: alifanya nini. Ya tatu: nini kilifuata, hasa sisi watu wazima tulifanya nini. Pembeni andika siku na saa. Andika ulichokiona kwa macho. "Amekasirika" ni maoni yako. "Ameziba masikio, ameangusha dawati" ndiyo habari.

Niwape mfano. Tulikuwa na mtoto wa darasa la pili, miaka tisa, anayerudia maneno machache anayoyasikia. Kila siku ya shule alikuwa anatoka mbio, anaangusha madawati njiani, na akifika nje anajing'ata kiganja mpaka kinavimba. Kwa kuwa ilitokea kipindi cha hesabu, walimu wote, nami nikiwemo, tulisema hapendi hesabu. Tukampunguzia hesabu. Hakuna kilichobadilika.

Tukaandika daftari siku kumi. Siku nane alitoka kati ya saa 3:50 na saa 4:00. Siku mbili hakutoka kabisa: moja mvua ilinyesha sana na watoto wakaitwa uji kwa mdomo, nyingine darasa la saba walikuwa na mtihani na kengele ikazuiwa. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, hatua chache kutoka dirisha alilokuwa anakaa, na kiranja wa zamu huigonga kwa kipande cha nondo. Mtoto alikuwa anajua kinachokuja baada ya hesabu. Alikuwa anaikimbia kengele ya uji kabla haijalia.

Miezi minne tulikuwa tumemlaumu kwa somo alilokuwa analipenda. Nikikumbuka kile kiganja bado roho inaniuma, na ndiyo maana nawasisitizia: daftari kwanza, hukumu baadaye.

Hatua ya 3: Tabia inamletea nini?

Ukisoma safu ya tatu ya daftari, utakuta tabia nyingi zinamletea mtoto kimoja kati ya vitu vinne: anakwepa kitu kinachomshinda au kumuumiza, anapata kitu anachokitaka, anapata mtu wa kumwangalia, au mwili wake wenyewe unapata hisia anayoihitaji. Kelele za aina moja zinaweza kuwa na sababu tofauti kwa watoto wawili. Anayepiga kelele akipewa kazi ya kuandika, ukamtoa nje, umemlipa. Kesho atapiga tena. Anayepiga kelele ili umtazame, ukamkemea mbele ya darasa zima, naye umemlipa.

Tabia ya kupunga mikono au kujitikisa, kama haimuumizi mtu, iache. Watu wazima wenye usonji wamesema wazi kwamba kulazimishwa kutuliza mikono na kukodolea watu macho kuliwaumiza kuliko kulivyowasaidia. Mtoto anaweza kusikiliza vizuri huku anatazama chini.

Hatua ya 4: Rekebisha mazingira

Yule wa kengele tulimhamishia dawati upande wa pili wa darasa. Dakika tano kabla ya kengele anaonyeshwa kadi yenye picha ya rimu, kisha anaondoka taratibu na mwenzake hadi nyuma ya jengo la pili.

Kwa watoto wote wa kitengo tunatumia ratiba ya picha. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja, chora mstarini, hesabu, uji, choo, kurudi nyumbani. Funga kamba ukutani kwa urefu wa macho ya mtoto, bana picha kwa vibanio vya nguo. Kila jambo likiisha, mtoto mwenyewe anabandua picha na kuitumbukiza kwenye kopo. Sauti ya picha kuingia koponi inamwambia limekwisha. Mambo ya kupanga siku kwa macho namna hii yalianzia North Carolina, Marekani, kwa mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake miaka ya 1970. Hayahitaji umeme wala kompyuta.

Hatua ya 5: Mpe neno jingine

Kama anakimbia ili kukwepa, mfundishe kuomba kutoka. Kadi moja, picha ya mlango. Mfundishe akiwa ametulia. Katikati ya ghasia hakuna anayejifunza. Wanahitajika watu wawili: wewe mbele yake, mwingine nyuma. Wa nyuma anaushika mkono wa mtoto kwa upole, anausaidia kuichukua kadi na kukupa. Papo hapo unasema "Kutoka", na mnatoka. Dakika mbili nje, mnarudi. Rudia. Baada ya siku kadhaa wa nyuma anagusa kiwiko tu, halafu bega, halafu hagusi kitu.

Wiki mbili za kwanza kadi ikitolewa, ikubaliwe kila mara. Mwalimu wa darasa atakwambia, "Basi atashinda nje!" Siku za mwanzo ni kweli atatoka sana. Mvumilie. Anapima kama neno lake jipya linafanya kazi. Akishaamini, anza kumwambia "maliza moja, halafu kutoka", kisha mbili, kisha tatu.

Fimbo iache. Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu kanuni bado zinaviruhusu kwa masharti. Lakini mtoto aliyekimbia kwa sababu sauti inamkata masikio, ukimchapa, umemwongezea sababu ya kukimbia.

Hatua ya 6: Motisha

Itolewe papo hapo, na ilingane na mtoto. Si lazima pipi. Kuna anayefanya kazi nzuri ili tu apate zamu ya kuzungusha gurudumu la baiskeli. Taja alichofanya: "Umenipa kadi, vizuri sana."

Hatua ya 7: Kuingia darasa la kawaida

Anza na kipindi anachokimudu, dakika 15, na atoke kabla hajachoka ili akumbuke alipoondoka palikuwa pazuri. Ongeza wiki kwa wiki. Kazi yake itoke kwenye somo lilelile: wenzake wanajumlisha kwa kuandika, yeye anajumlisha kwa vizibo vya soda. Mkutano wa Salamanca, Hispania, mwaka 1994 ulisema shule za kawaida ziwapokee watoto wote, na zijirekebishe ziwatoshe. Neno la kushika ni hilo la kujirekebisha. Mtoto anayekaa dawati la nyuma anachorachora mpaka saa nane hajajumuishwa, amewekwa tu.

Zungumza na darasa, kwa ruhusa ya mzazi. Sisi tuliwaambia: "Mwenzenu masikio yake yanasikia makali. Akionyesha kadi hii anataka kutoka. Msimcheke, msimshike kwa ghafla." Watoto wa darasa la pili walielewa haraka kuliko sisi. Kiranja mmoja alikwenda mwenyewe kuzungushia kitambaa ncha ya ule nondo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, Sumbawanga:* Asante kwa somo. Darasa langu lina watoto 94 na niko peke yangu. Hilo daftari nitaandika saa ngapi?

Pole mwalimu, najua hali hiyo. Usifuatilie siku nzima. Chagua tabia moja na kipindi kimoja. Weka maharage kumi mfuko wa kulia. Kila ikitokea, hamisha moja kwenda wa kushoto. Mwisho wa kipindi hesabu, andika idadi, na mstari mmoja tu wa kilichotangulia. Na wa kumshika mkono wakati wa kufundisha kadi anaweza kuwa mama yake, akija asubuhi mbili tatu kwa wiki.

*Mama, Mombasa:* Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka minne, hajasema neno. Naambiwa nikimzoesha picha hatasema tena milele. Nami shule sijui nianzie wapi.

Marahaba mama. Usiogope picha. Tafiti zilizofuatilia watoto wanaotumia kadi hazikuona kwamba zinazuia kusema, na baadhi yao maneno huongezeka. Akikupa picha ya maji, sema "maji" kwa uwazi, mpe maji. Usimnyime ukisubiri atamke. Kuhusu shule, Kenya mna vituo vya tathmini vinavyoitwa EARC, vilivyoanzishwa tangu 1984. Ulizia cha kwenu kwenye ofisi ya elimu, mtoto atathminiwe upate barua ya kupeleka shuleni.

*Baba, Dar es Salaam:* Kituo kimoja kimeniambia mtoto wangu mwenye usonji asipopata saa 40 za mafunzo ya tabia kwa wiki, napoteza muda. Gharama yake sitaiweza hata nikiuza pikipiki.

Usiuze, baba. Saa 40 zinatokana na utafiti wa mwanasaikolojia Ivar Lovaas, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliotoka mwaka 1987. Watoto 19 walifundishwa hivyo, na 9 wakamudu darasa la kwanza la kawaida. Lakini watoto hawakugawanywa makundi kwa bahati nasibu, na zama zile makofi yalikuwa sehemu ya mafunzo, jambo ambalo leo tunalikataa. Tafiti za baadaye ziliona maendeleo, ila ya kiasi zaidi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao tisa vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara tatu, na anayefundisha si lazima awe bingwa. Dakika zako kumi wakati wa kumwogesha, kumvalisha na kula naye, kila siku, ni mafunzo kamili.

*Bibi mlezi, Tanga:* Mwanangu, mjukuu wangu tangu wiki iliyopita anagonga kichwa ukutani usiku. Hakuwa hivyo. Nianze na kadi?

Shikamoo bibi. Hapana, kesho asubuhi nendeni hospitali. Tabia iliyozuka ghafla kwa mtoto asiyesema, kwanza tunatafuta maumivu: jino, sikio, tumbo lililofunga, kichwa. Waambie wamwangalie masikio na meno, usikubali wakurudishe kwa kusema "ndiyo usonji wake". Usiku huu weka godoro au mto kati yake na ukuta. Kadi zitakuja baadaye.

*Mwalimu, Morogoro:* Daftari lilionyesha anapiga kelele ili nimtazame. Nikaacha kumtazama. Siku ya tatu leo, kelele zimezidi mara mbili! Niache?

Usiache, lakini kuna kitu umekiruka. Kelele hupanda kabla ya kushuka, kwa sababu njia iliyokuwa inafanya kazi imekwama naye anaongeza nguvu. Ukimtazama leo zilipofika juu, umemfundisha kwamba kiwango ndicho hicho. Ulichokiruka ni Hatua ya 5: umemzibia mlango, hujamfungulia mwingine. Kesho asubuhi, kabla hajaanza kelele, mfundishe kukugusa mkono, na kila akigusa mtazame, mwite jina, mchekee. Umfikie wewe kwanza mara nyingi, kila baada ya dakika mbili tatu. Kama anajiumiza au anaumiza wengine, hilo la kutomtazama lisitumike bila mtaalamu karibu. Niandikie Ijumaa idadi za siku hizi nne, kelele safu moja, kugusa mkono safu nyingine, tuziangalie pamoja.